Nyonga Iliyochelewesha Maboma Mawili

Nyonga yangu ya kushoto ilinitumikia vizuri kwa miaka tisa, hasa baada ya kuharibika. Ilipokuwa nzima ilinisaidia kukimbia tu. Ilipoharibika ilinisaidia kukataa. Nilikataa nayo kulima, nikakataa nayo kubeba majeneza, nikakataa nayo kwenda kwa wakwe, na zaidi ya yote nikakataa nayo kujenga kijijini.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia na michezo katika shule moja ya upili mjini Kisumu. Miaka ya themanini karibu yote niliimaliza uwanjani na filimbi mdomoni, nikikimbia sambamba na vijana wenye nusu ya umri wangu na kuwafokea kwamba ni wavivu. Siku moja, kwenye mechi ya walimu na wanafunzi, niliruka juu kuupiga mpira kwa kichwa. Mpira ulipita. Mimi nilishuka nikaikalia nyonga, mbele ya shule nzima na mbele ya mwalimu mpya wa sayansi kimu ambaye, nakiri, ndiye aliyenifanya niruke. Mke wangu alipopata habari hakuuliza kama nimevunjika. Aliuliza huyo mwalimu wa sayansi kimu alikuwa amekaa upande gani wa uwanja.

Sikuvunjika, lakini tangu siku hiyo kiungo kilianza kulika. Mwaka baada ya mwaka maumivu yalishuka kutoka kinenani hadi gotini, nami nikajifunza kuchechemea kwa heshima, kama mtu aliyeumia vitani.

Sasa nieleze habari ya boma, maana bila hiyo hutaelewa jinsi mguu wa mtu mmoja ulivyowasumbua wengi. Kwetu Nyakach, mwanamume akishaoa na kupata watoto hatakiwi kuzeekea ndani ya uwanja wa baba yake. Anatoka alfajiri kwa miguu, jogoo mkononi. Mwanawe wa kwanza anabeba shoka, mkewe anabeba moto, na mzee wa ukoo anawatangulia hadi kwenye ardhi mpya. Nyumba ndogo inasimamishwa siku hiyohiyo na familia inalala humo. Hapo ndipo mtu anapata boma lake, dala tunavyoliita. Na kuna sheria moja isiyo na msamaha: mdogo hamruki mkubwa. Ndugu mkubwa asipotoka, wa nyuma yake nao hawatoki. Wanamruka kwa hatari yao, na watoto wao wakiugua kila mtu atajua sababu.

Baba yetu alizaa wavulana wawili. Mkubwa ni mimi.

Mdogo wangu alibaki kijijini, si mbali na soko la Pap Onditi, akilima mtama na kuuza mbuzi. Alikuwa na wana wanne, na wa kwanza alishapata mchumba. Lakini kijana hujenga kibanda chake cha kuolea ndani ya boma la baba yake, na baba yake hakuwa na boma. Wote walikuwa wamesongamana katika uwanja wa marehemu baba, na yule kijana, mwenye sauti nzito na mikono ya kubeba magunia, alikuwa analala jikoni kwa nyanya yake pamoja na kuku. Mchumba hawezi kuletwa jikoni kwa kuku. Kila mdogo wangu alipokuja Kisumu aliniuliza jambo moja, tena kwa upole.

“Owadwa,” aliniita hivyo, yaani ndugu yetu, “hiyo mguu inasema aje?”

“Inauma.”

“Haya, pole. Itapoa tu.”

Halafu anakunywa chai yake na kuondoka. Afadhali angenigombeza. Mtu akikugombeza unapata nafasi ya kukasirika.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwanamume akishafungua boma amekiri mbele ya watu kwamba mwisho wake uko huko, na mimi nilikuwa nimezoea maji ya bomba, taa ya umeme na gazeti kila asubuhi. Wakati mwingine nilijificha nyuma ya dini, nikisema sisi ni watu wa kanisa na mambo ya jogoo yamepitwa na wakati. Mchungaji wetu aliafiki. Baadaye niligundua kwamba yeye alishatoka na jogoo wake zamani. Mke wangu ndiye aliyekuwa haniogopi.

“Baba watoto, ukikufa leo watakuzika wapi? Kwa mlango ya mama yako?”

Nilimjibu kwamba sina mpango wa kufa. Akaniambia hata wale waliokufa jana hawakuwa nao.

Katikati ya miaka ya tisini nyonga ilikataa hata kazi ya kukataa. Sikuweza tena kuvaa kiatu mwenyewe. Niliamua mechi nikiwa nimekaa kwenye kiti pembeni ya uwanja, na kwa kuwa sikuona vizuri, wachezaji wakawa wananiambia nani kaotea, nami napuliza. Daktari mmoja wa Kisumu aliiinua picha yangu ya eksirei dirishani, akatikisa kichwa, akanituma Nairobi kwa daktari mgeni aliyekuwa amekuja na ujuzi mpya. Huyo hakutaka kukikata kichwa cha mfupa na kukitupa. Alisema atakichonga kidogo, kama fundi anavyosawazisha mguu wa meza, akivike kofia ya chuma, na kwenye tundu la nyonga aweke kikombe cha chuma ili kofia izunguke humo. Alisema njia hiyo inafaa mtu ambaye bado ana shughuli nyingi. Nilimwambia mimi ni mtu wa shughuli nyingi sana. Mke wangu akakohoa.

Nilirudi Kisumu na magongo mawili, mshono mrefu kwenye paja na masharti kama ya mwali: nisiinamie chini, nisikunje mguu kupita kiasi, nisipishanishe miguu, nisikalie kitu kifupi. Kwa ajili ya sharti hilo la mwisho tulimwagiza seremala wa soko la Kibuye atengeneze kiti cha kuinua choo. Yule bwana aliipenda kazi yake kupita kiasi. Alikipiga vanishi kikang'aa, akakitwika kichwani, akakipitisha mjini mchana kweupe, na kila aliyemuuliza alielezwa ni cha nani na ni cha kufanyia nini. Tena alikikosea kipimo. Wiki nzima nilikaa huko juu miguu ikining'inia, nikiwaza elimu yangu.

Wa kwanza kuja kunitazama alikuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, mzee aliyekaribia miaka themanini na ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo. Alikaa, akanitazama mguu muda mrefu, akauliza swali ambalo daktari hakunitayarisha nalo.

“Ile mfupa walitoa, mmezika wapi?”

“Baba, hawakutoa mfupa. Walichonga tu juu kidogo.”

“Wakichonga si kuna unga inaanguka?”

“Ilianguka, ndiyo.”

“Iko wapi?”

Nilimwambia nadhani ilisafishwa kwa maji, ikaenda na maji. Mzee akamgeukia mke wangu akamwambia kwa Dholuo kwamba kuanzia leo ajue sehemu ya mume wake imezikwa Nairobi kwenye mfereji, na hii yote ni kwa sababu mtu hana kwake. Angekuwa na kwake, alisema, angalau kungekuwa na mahali pa kupeleka huo unga. Nilitaka kucheka, ila mke wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Aliyekuja baada yake alikuwa mdogo wangu, naye hakuja kutazama, alikuja kukaa. Mke wangu alikuwa muuguzi na likizo yake ilishaisha. Watoto walikuwa shuleni. Mdogo wangu aliwaachia wanawe mbuzi, akalala sebuleni kwetu kwa wiki tatu. Asubuhi alinichemshia maji, akanisaidia kuoga, kisha anapiga magoti mbele yangu na kunivalisha soksi, kwa sababu sikuruhusiwa kuinama. Mguu wa kulia niliuinua mwenyewe. Wa kushoto aliushika kisigino kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama anashika yai, akaivuta soksi mpaka juu na kuilainisha isinibane. Hakutaja boma hata siku moja. Nilijiambia amesahau.

Mazoezi nilisimamiwa na dada mmoja Mkikuyu, mtaalamu wa viungo wa hospitali, binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Alikuwa mfupi, mwembamba, na mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kufanya naye kazi.

“Mwalimu, wewe si ulikuwa unafundisha michezo?”

“Ndiyo.”

“Na wanafunzi wakisema wamechoka ulikuwa unawaambia nini?”

Nilijua nilichokuwa nawaambia, na hakikufaa kurudiwa mbele ya binti wa watu. Nikainua mguu tena.

Baada ya mshono kupona aliniagiza nitembee ndani ya maji, kwa sababu maji hubeba uzito. Ungedhani hilo ni jambo dogo kwa mtu anayeishi Kisumu. Lakini miaka hiyo magugu yalikuwa yamelifunika ziwa hadi macho yanapofika, kijani kitupu, mashua zimenasa humo, na ufukweni hukuweza kutia hata ndoo. Tena kulikuwa na siri nyingine ambayo nilikuwa nimeificha maisha yangu yote: sijui kuogelea. Mjaluo, mwalimu wa michezo, mtu niliyeliona ziwa kila siku ya Mungu, naogopa maji yanayopita kifua.

Meneja wa hoteli moja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alinikubalia kutumia bwawa lao saa nne asubuhi, wageni wakiwa wametoka. Nilivaa kaptura yangu ya mpira ya miaka ya sabini. Nilipoingia majini ilijaa hewa ikapanda juu, ikabidi nitembee nikiwa nimeishikilia kwa mikono yote miwili. Wahudumu wawili waliokuwa wanapanga viti waligeuka wakatazama ukuta, mabega yakiwatikisika. Na si wageni wote waliokuwa wametoka. Bibi mmoja wa Kizungu, mwenye miaka kama sabini, alikuwa anaogelea kwenda na kurudi. Alinipita mara kumi na sita. Nilihesabu. Mara ya kumi na saba aliniambia nijitahidi, nami nikamshukuru kwa unyenyekevu ambao mke wangu hajawahi kuuona.

Lakini mguu ulifanya kazi. Sikuamini. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji niliacha magongo, mwezi wa nne nikaacha mkongojo. Nilitembea kutoka shuleni hadi stesheni ya reli na kurudi, nikipanda mlima ule bila kusimama, na mahali palipokuwa na maumivu palikuwa kimya. Mwezi wa sita nilichezesha mechi ya kidato cha kwanza, dakika zote, nikikimbia. Hakuna aliyeniambia nani kaotea. Mechi ilipokwisha nilienda nyuma ya maabara nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimerudishiwa mwili wangu.

Habari hizo sikuzipeleka Pap Onditi.

Krismasi ilipofika tulikwenda kumwona mama. Asubuhi ya safari niliuvuta mkongojo kutoka chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa anafunga sanduku, akasimama.

“Hiyo ni ya nini sasa?”

“Njia ya kule ni mbaya.”

Alilifunga sanduku kwa kishindo. Ishirini na mitatu ilikuwa miaka yetu ya ndoa na nilijua kishindo hicho kinasema nini.

Kutoka barabarani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Niliwaacha mke na watoto watangulie, nikaanza kuchechemea tulipoufikia ua wa jirani. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kufanya. Mtu anadhani kuchechemea ni rahisi, lakini nyonga iliyopona haitaki, inasahau na kukanyaga sawasawa, inabidi uikumbushe. Niliingia uwanjani nikiegemea mkongojo, uso nimeukunja kwa uchungu wa kadiri. Watu walinijia wakinipa pole. Mama akasema kwamba Mungu atanitazama. Yule kijana wa mdogo wangu alinichukulia mfuko begani, akanionea huruma kwa macho. Ndevu zake sasa zilikuwa zimejaa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa mama, ananitazama ninavyokuja. Alinisubiri nifike. Tukasalimiana, akaniletea kiti kirefu kwa sababu alikumbuka masharti ya daktari. Kisha, watu walipokwisha kutawanyika, aliinama karibu na sikio langu ili mtu mwingine asisikie.

“Owadwa, soksi nilikuwa nakuvalisha kwa hii mguu ingine.”

Nilikuwa nachechemea mguu wa kulia.

Nimefokewa na wakaguzi wa shule, nimezomewa na mashabiki wa timu nzima, lakini sijawahi kuona aibu ya namna ile. Mwili wote ulipata joto. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliniambia nije nione kitu, akanipeleka nyuma ya ghala la mtama. Huko kulikuwa na nguzo na fito zimepangwa vizuri juu ya mawe, nyasi za kuezekea zimefunikwa kwa karatasi ya nailoni.

“Hii ni mara ya tatu nanunua,” alisema. “Zile zingine mchwa ilikula.”

Hakusema kwa kunilaumu. Nadhani alikuwa anajivunia ile akili ya kuweka mawe chini. Nikausimika mkongojo kando ya ghala na kumwambia amwite baba mdogo.

Tulitoka alfajiri ya siku ya nne. Mwanangu wa kwanza, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Maseno, alibeba shoka kwa namna ya mtu anayeomba asikutane na wenzake. Mke wangu alibeba makaa ndani ya kigae, amenyooka kama askari. Mimi nilipewa jogoo, naye alinichukia tangu mwanzo. Baba mdogo alitangulia, na miguu yake ya miaka themanini ilikuwa inatembea hatua mbili na kupumzika, hatua mbili na kupumzika. Kiwanja kilikuwa ng'ambo ya korongo, mbali kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa nilikuwa na uwezo wa kumpita mtu katika njia za kwetu, na sheria inakataza kumpita mzee. Nikaburuta miguu nyuma yake, huku jogoo ananidonoa kifundo cha mkono, na nyonga yangu ya ujuzi wa kisasa ikienda mwendo wa kobe. Mzee aligeuka mara moja, akautazama mguu wangu.

“Kumbe inatembea,” alisema.

“Inatembea, Baba.”

“Hata mwezi wa kumi ilikuwa inatembea?”

Mke wangu akajibu kwa niaba yangu.

Majirani walijenga, nyumba ikasimama kabla ya jua kuzama, ndogo, ya udongo mbichi, mlango mfupi hata ikabidi nikumbuke masharti ya daktari kila nilipoingia. Nilifikiri nitajisikia kama mtu aliyefungiwa. Nililala usingizi mzito hadi asubuhi.

Siku za kukaa humo zilipotimia, ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe baba mdogo alishikwa na malaria. Alituma neno kwamba jambo lisiahirishwe tena hata kwa saa moja, mkubwa asimame mahali pa baba. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewatangulia. Nilitembea mbele bila mkongojo, na nyuma yangu alikuja mdogo wangu na jogoo, kisha mkewe na moto, kisha mwanawe na shoka. Shoka la kazi hiyo huwa dogo, kwa sababu kwa kawaida hubebwa na mtoto. Mkononi mwa kijana yule mwenye ndevu lilionekana kama kijiko.

Tulipofika nilichukua jembe nikachimba shimo la nguzo ya kwanza. Niliinama, nikachota udongo kwa mikono, nikainuka, nikainama tena. Mdogo wangu alichuchumaa upande wa pili akiwa amemshika jogoo wake kifuani.

“Owadwa,” alisema, “sasa hata mimi nikiongea kwa baraza watanisikiliza.”

Nilidhani ni utani, nikainua uso nicheke naye. Hakuwa anatania. Miaka yote hiyo alikuwa akienda kwenye vikao vya wazee na kukaa nyuma na vijana, kimya, kwa sababu mtu asiye na boma haulizwi neno, na hakuwahi kuniambia. Jua lilikuwa limeanza kumpiga usoni, nikaona mvi zimejaa kwenye ndevu zake. Nilimwambia ndiyo, watakusikiliza. Nikaendelea kuchimba hadi shimo likapita kipimo, na yeye akaniacha nichimbe.